Wimbo Tuliokwenda Nao Munigi

Kwenye karakana yetu ya kushona wananiita Mama Juu-ya-nini, yaani Mama Kwa-nini, na sikatai. Jina langu ni Émérance, nimezaliwa Butembo, kazi yangu ni kukata vitambaa, na nikiona jambo bila kujua sababu yake, hata chakula hakishuki. Papa Namegabe, mwenye karakana, hunitania kwamba kama ningependa mkasi jinsi ninavyopenda habari za watu, tungekuwa tunavalisha Goma nzima. Anasema hivyo kwa sababu meza yangu ilikuwa kwenye dirisha kubwa, pembeni ya ofisi yake, mahali ambapo jicho linaona barabara yote na sikio linasikia ofisi yote. Niliipigania meza ile.

Basi Jumanne moja cherehani ya Umugwaneza ilipobaki imefunikwa mpaka jua likapanda, aliyeuliza wa kwanza ni mimi.

Umugwaneza ndiye mshonaji wetu wa matundu ya vifungo. Watu wake ni wa Masisi, wasemao Kinyarwanda, anaishi Munigi na mama yake mzazi, na katika miaka yote niliyomjua hajawahi kuchelewa. Tulikuwa na kazi kubwa ya mashati ya shule, na shati lisilo na matundu huwezi kumpa mtu. Mashati yalianza kurundikana mezani kwake. Mmoja akasema ameolewa Gisenyi. Mwingine akasema amepata kazi kwenye shirika, sasa anapanda gari lenye antena. Mimi nilikuwa na nadharia zangu pia, tena nzuri kuliko zao, lakini zote zilikuwa za uongo.

Jumatano akaja kaka yake, Gisubizo, na mfuko mweusi wa plastiki. Alipita moja kwa moja mpaka ofisini, akatoa blauzi ya bluu ya kazi iliyofuliwa na kupigwa pasi, na juu yake akaweka ufunguo wa droo ya cherehani.

"Patron, dada anasema aksanti kwa kazi. Hatarudi tena."

"Juu ya nini?" Papa Namegabe akauliza, na kwa mara ya kwanza tukawa na swali moja, mimi na yeye.

Gisubizo alieleza kwa sauti ya chini, lakini habari za meza yangu nimeshawaambia. Jumatatu jioni dada yake alikuwa anarudi nyumbani. Kwenye njia panda kundi la vijana likamsimamisha. Hawakumuuliza jina, wala simu yake hawakuitaka. Walitazama pua yake na urefu wake, wakasema huyu si wa hapa, arudi kwao. Walimvuta nywele mpaka zikang'oka, wakamburuza juu ya mawe, na watu wakasimama wanatazama. Mwenye pikipiki mmoja ndiye aliyemnyanyua na kukimbia naye.

Walimwambia arudi kwao, na huko kwao ndiko hasa alikokuwa anakwenda.

Papa Namegabe alikohoa. Si mtu mbaya, ila ni mwoga wa mali yake. "Pole sana. Umwambie pole. Lakini miye, unajua, atelier iko na vioo. Siasa sitaki iingie humu. Mashini yake nitaiacha mpaka lundi, siku ya kwanza ya kazi. Lundi asipokuja, nitaweka mutu mwengine, juu komande ya mashati haingoje."

Siasa! Hasira zilinipanda mpaka nikakata kola vibaya. Tangu lini nywele za mtu zikawa siasa?

Gisubizo alipoondoka niliingia ofisini kwa kisingizio cha kutafuta chaki, nikaichukua ile blauzi. Mkono wa kushoto ulikuwa umeng'olewa wote kuanzia kwapani, kisha umeshonwa upya, mshono mzuri, ulionyooka. Maana yake ni kwamba yule dada, na kichwa chake kile kilichojaa maumivu, alikaa akashona blauzi yetu, akaifua, akaipiga pasi, ili aturudishie ikiwa nzima. Sijui kwa nini jambo hilo liliniuma kuliko yote niliyosikia.

Habari ilipoenea, Mama Rosine alisimama. Yeye ndiye mkubwa wetu, ametoka Beni akikimbia vita, na ndiye anayeanzisha nyimbo. Karakana yetu ilikuwa ya nyimbo kutwa nzima. Cherehani zilishika mdundo na sisi tukaongeza sauti.

"Tutaenda kumuona," akasema.

Mtu asiye wa kwetu labda hajui uzito wa maneno hayo. Mwenzako akifiwa, akijifungua, akiibiwa, karakana yote inakwenda kumwona. Mnakwenda wengi, maana mkienda wachache atajiuliza wengine wamekasirikia nini. Hamtangazi, maana anayetangaza anataka kupikiwa. Na mnaimba tangu mwanzo wa mtaa, ili majirani wajue kwamba huyu ana watu. Mama Rosine mwenyewe alipofiwa na mtoto, tuliingia kwake tukiimba hivyo hivyo, na alituambia baadaye kwamba bila wimbo ule asingeinuka kwenye mkeka.

Sauti moja nyuma ikanung'unika: "Na siye ba Beni, nani alikujaka kutuona?"

"Njo maana twende," Mama Rosine akamjibu bila kugeuka. "Miye najua vile inaumaka kama hakuna mutu anakuja."



Alhamisi, kazi ilipokwisha, tulipanda Munigi na blauzi zetu za bluu, sukari, sabuni, na kreti ya sucré, yaani soda, kichwani kwa aliyekuwa na shingo imara. Mwanzoni mwa mtaa Mama Rosine akafungua koo. Tukaitikia. Watoto wakatoka mbio kutufuata, wengine wanapiga miluzi, vumbi jeusi linapanda, watu wanachungulia milangoni. Nilitembea mbele kabisa. Nilitaka kuuona uso wake pale atakapotuona. Njia nzima nilikuwa nauwaza uso huo, jinsi utakavyofunguka.

Nyumba yao ni ya mbao, imekaa juu ya mawe ya volkano. Mlango ulikuwa wazi. Uani, kwenye mbabula, jiko letu la makaa, sufuria ya maharagi ilikuwa inachemka. Watu hakuna.

"Hodi!" Mama Rosine akaita. "Hodi hapa!"

Nilizunguka nyuma. Ua wa matete ulikuwa umelazwa chini, umekanyagwa, na juu ya mawe kulikuwa na kandambili moja, ndogo, iliyochakaa, ya mtu mzee.

Wimbo ulikufa kidogo kidogo, kuanzia mbele hadi nyuma. Tulisimama pale tukatazama maharagi.

"Ametukimbia?" mmoja akauliza. Mwingine akasema ni kiburi. Mama Rosine alishusha kreti mlangoni polepole, na niliona ameumia kweli. "Basi tuliimba bure," akasema. Wakashuka wote, safari hii kimya.

Mimi nilibaki. Nitasema ukweli, nilibaki kwa sababu nisingelala bila kujua mtu anakimbiaje wageni akaacha chakula motoni. Na pia maji ya maharagi yalikuwa yanakauka. Nikamimina mengine kutoka kwenye bidoni, nikavuta kigoda, nikakaa nikawa nakoroga.

Muda ukapita. Kisha juu ya ukuta wa mawe wa jirani kikatokea kichwa kimefungwa kitambaa.

"Uko na nani?"

"Niko na maharagi yako," nikamjibu. "Ilitaka kuungua."

Umugwaneza alitazama nyuma yangu, akatazama mlango, akatazama barabara. Ndipo akageuka kumsaidia mama yake kuvuka. Bibi alikuwa na mguu mmoja mtupu, umechanika na mawe, damu inatoka. Nilikimbia kuchukua kandambili nikamvalisha.

Maswali yalinijaa mdomoni. Nikaanza na lile langu. "Juu ya nini mulikimbia? Ilikuwa siye tu."

"Sikujua ni nyinyi."

"Lakini tulikuwa tunaimba, Umugwaneza! Wimbo ya Mungu! Sauti ya Mama Rosine, si unaijua?"

Alinyoosha mkono akachukua mwiko wake kutoka mkononi mwangu.

"Bale ba njia panda nabo balikuwa banaimba," akasema.

Nilibaki nimekaa. Nikajaribu kusikia kile alichokisikia akiwa ndani ya zile mbao: maneno hayafiki, ni miguu tu, miguu mingi, na sauti nyingi zinazopanda kuja mlangoni kwako, na watoto wanapiga miluzi, na majirani wanafungua milango ili watazame. Alimshika mama yake mkono akamvuta juu ya mawe, akidhani wamekuja kummalizia nyumbani. Na waliokuwa wanakuja ni sisi, tena mimi mbele, nikicheka. Nililia pale pale kwenye kigoda, na yeye ndiye aliyenipa kanga ya kujifuta.

Nilipotulia nikagundua kitu cha ajabu kwa mtu anayeitwa kama ninavyoitwa. Karakana yote ilikuwa na huruma, patron alitoa pole, Mama Rosine alitoa wimbo, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe neno hata moja.

"Sasa unataka tufanye nini?" nikasema.

Mama yake akamwambia kitu kwa Kinyarwanda, naye akajibu kwa kutikisa kichwa.

"Batu bengi sitaki. Mutu akitaka kuja, akuje mumoja, atume message mbele."

"Na kazi? Uliturudishia blauzi."

"Kazi naitaka! Nani alisema siitaki?" Mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Lakini mashini yangu inapea mulango mugongo. Nikiwaza kukaa pale, nasikia miguu nyuma yangu. Siwezi, Mama Émérance. Nataka nikae naona mulango. Na siku nikiingia, musisimame. Musinizunguke, musinishike. Mubakie munashona tu."

"Hata kukukumbatia?"

"Hata."

Nilishuka kutoka Munigi nikiwaza jinsi ombi hilo lilivyo dogo, na jinsi litakavyotushinda. Kwetu mtu akirudi kutoka hata hospitali ya mafua, kazi inasimama, tunamwangukia kama magunia.

Ijumaa ilikuwa siku ya séance, kikao cha mafunzo. Papa Namegabe, baada ya kulala na dhamiri yake siku mbili, alikuwa amemwita Madame Élodie wa chama kinachosaidia watu waliopigwa au kutukanwa kwa ajili ya kabila na sura zao. Nilimuuliza patron kwa nini ameita mwalimu. Akasema, "Ili wewe uache kuniangalia vile."

Sisi watu wa Goma séance tunazijua. Tunajua karatasi kubwa ukutani, tunajua sucré ya mwisho, na majibu tunayo kabla ya maswali. Madame Élodie akauliza mwenzetu wa kazi akishambuliwa kwa chuki tufanye nini, na karakana nzima ikaimba kama darasa: kumsikiliza! kumpeleka hospitali! kumsindikiza! Alisimama na kalamu yake mkononi bila kuandika kitu.

"Na huyu wenu," akasema, "yeye alisema anataka nini?"

Mama Rosine, ambaye alikuwa amenuna tangu jana yake, akawa anachunguza kucha zake. Nikainuka nikasimulia. Nilisimulia maharagi, ukuta, kandambili, damu. Nilipofika kwenye yale maneno, kwamba wale nao walikuwa wanaimba, Mama Rosine aliweka mkono mdomoni.

"Miye njo niliongoza," akasema. "Nilimuogopesha miye mwenyewe." Na akalia mbele yetu wote, mama yule ambaye hata siku ya kuzika tulimwona na macho makavu.

Madame Élodie hakumlaumu. Alisema tulifanya tunalolijua, ila aliyeumizwa na kundi hawezi kuponywa na kundi lingine bila kuulizwa. Akasema pia kwamba Umugwaneza akitaka daktari, au akitaka kushtaki, atakwenda naye yeye mwenyewe, siku atakayochagua yule, na asipotaka asisukumwe. Kisha akamgeukia patron.

"Papa, wangekuibia mashini njiani, ungesema ni siasa?"

"Apana. Ningesema ni wezi."

"Sasa wamekuibia mushonaji."

Papa Namegabe alijikuna kichwa. Alikuwa ameshindwa, na alijua. Lakini ni fundi, akashika alichokielewa. "Sawa. Arudi. Lakini matundu inataka mwangaza. Mahali yenye mwangaza na inaangalia mulango ni moja tu."

Watu wote wakanigeukia mimi.

Dirisha langu! Nitakuwa mkweli, sikutoa jibu haraka. Niliwaza pikipiki zinazoshusha watu pale mbele, nani kashuka na nani, wateja wanaokuja kubembeleza bei ofisini, kila kitu ninachokijua duniani ambacho kilipitia kwenye kioo kile. Machozi niliyaacha yote Munigi, lakini dirisha ni dirisha. Nikatazama cherehani iliyofunikwa, nikawaza miguu nyuma ya mgongo wake.

"Mubebe," nikasema. "Lakini mubebe haraka kabla sijabadilisha mawazo."

Meza yangu ikaenda kona ya nyuma, ukutani, mahali ambapo hata panya hawana habari.

Jumapili nilituma ujumbe. Jumatatu asubuhi nikapanda Munigi peke yangu, na blauzi yake begani na ufunguo wake mfukoni. Tukashuka pamoja kwa njia ndefu, tukizungumza bei ya nyanya na mguu wa mama yake. Pale njia panda alinishika kiwiko. Sikuuliza kitu.

Tulipoingia, hakuna aliyesimama. Ningependa mngeona jinsi ilivyokuwa kazi. Cherehani zote zilikuwa zinakwenda kwa kasi ya wazimu, vichwa chini, shingo zimekaza. Mama Rosine alikuwa anashona mfuko wa shati, machozi yanamdondokea kitambaani, akaufunga mfuko chini, akaufunga na juu. Papa Namegabe alichungulia, akasema "Bonjour" na kurudi ndani kama aliyeitwa. Umugwaneza akakaa dirishani. Akatazama mlango. Akatutazama sisi, mmoja mmoja, sisi tusiomtazama. Kisha akafungua droo kwa ufunguo wake na mguu wake ukaanza kusukuma.

Tangu siku hiyo mashati yana matundu, na ameshakwenda mara mbili na Madame Élodie mahali ambapo hajaniambia, nami najitahidi nisiulize. Lakini karakana haiimbi. Hakuna aliyekataza. Wiki iliyopita Mama Rosine alijisahau, wimbo ukamtoka puani, mdogo tu, na papo hapo mguu wa dirishani ukasimama. Mama Rosine akakata. Tulingoja. Baada ya muda mguu ukaendelea.

Mchana nikashindwa, nikamwendea na sahani yangu.

"Umugwaneza, siku moja tutaimba tena?"

"Mutaimba."

"Siku gani?"

Alikata uzi kwa meno, akatazama mlango, akatazama barabara iliyokuwa yangu.

"Nitaanza miye," akasema.

Bado hajaanza. Mama Rosine anashona na wimbo umemjaa shavuni, na wengine vivyo hivyo. Mimi huku kwenye kona yangu sioni barabara wala sisikii ofisi, kwa hiyo masikio yote mawili nimeyaelekeza dirishani, kwake.